Mirashi Mikavu

Habari za kifo chake zilinikuta Moroni, kwa fundi cherehani, nimesimama juu ya kigoda nikipimwa urefu wa gauni. Redio iliyofungwa kwa mpira kwenye nondo ya dirisha ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Ikataja Mutsamudu, mji wetu kisiwani Nzwani, nikatega sikio. Marehemu, ikasema, alikuwa mwanariadha hodari wa chuo, mfanyabiashara mwema, na mfadhili aliyewapa watu wake maji.

"Mtu wa kwenu huyo, bweni," fundi akasema, akiniita bibie kwa lugha ya Moroni, pini zikiwa mdomoni. "Mungu amrehemu."

"Amina," nikajibu, maana ndivyo isemwavyo.

"Basi usitetemeke. Pindo litakwenda upande."

"Sitetemeki. Nacheka."

Akaniangalia kutoka chini. "Nyinyi watu wa Nzwani!" akasema, akachomeka pini nyingine.

Nilicheka kwa sababu maji hayo nayajua. Niliyabeba kichwani.

Mtaa wetu ulikuwa juu, chini kidogo ya ngome, ambako vichochoro vya Mutsamudu vinabana hata wanawake wawili wenye sinia hulazimika kupatana nani apite kwanza. Msimu wa karafuu, kila kibaraza kilikuwa na jamvi, na harufu ile iliingia mpaka kwenye mto wa kulalia. Asubuhi uliamshwa na michi ya kisamvu upande huu na watoto wa chuo cha Kurani wakisoma kwa sauti upande ule, halafu king'ora cha bandarini kikawanyamazisha wote. Nililelewa na bibi yangu, Koko, kama tunavyowaita bibi zetu. Alioka mikate ya sinia, ile ya mchele na nazi, akaiuza mlangoni. Mkate wa sinia hunywa maji mengi, na maji yalikuwa mtoni, chini kabisa, mwisho wa ngazi ambazo hakuna mtoto aliyezipenda.

Kazi ya maji ilikuwa yangu. Lakini siku za shule Koko alishuka mwenyewe, na goti lake lilikuwa limevimba kama shelisheli. Mara nyingi nilirudi nikamkuta ameketi katikati ya ngazi, ndoo kando yake, shiromani, nguo yake ya kujitanda, imeteleza begani. Hakukiri hata siku moja kwamba ameshindwa. "Napunga upepo," alisema.

Huyo mfadhili sasa. Tulimwita Bingwa, kwa sababu yeye mwenyewe alitufundisha kumwita hivyo. Alikuwa amesoma chuo huko Bukini, yaani Madagaska, akarudi na fulana nyeupe ya michirizi, nishani moja, na filimbi. Elimu aliyoifuata kama alirudi nayo, hatukuonyeshwa. Alirithi duka la baba yake karibu na bandari, akauza mchele, vitambaa, misumari na mafuta ya taa, na kila mteja aliuziwa pia ile mbio. Ilikuwa mbio moja tu, lakini kila mwaka wapinzani waliongezeka, uwanja ukarefuka, na mvua ambayo mwanzo haikuwepo ikaanza kunyesha. Nishani aliitundika ukutani juu ya mizani, na fulana aliivaa ndani ya kanzu, ukosi ukichungulia. Nisimdhulumu: mbio alizijua. Sikukuu moja ya Idi nilimwona akishindana na vijana ufukweni, kanzu kaifunga kiunoni, na nikasahau kumeza tende iliyokuwa mdomoni. Mungu alimpa miguu ile, naye akaishia kuinyoosha mbele ya kiti cha dukani.

Ukaja uhuru, na baada yake yakaja mapinduzi. Wafaransa walifunga virago. Wakubwa wapya wakasema mila zimetufanya maskini, na kwamba harusi kubwa ni marufuku. Kwetu mtu huweka akiba nusu ya maisha yake kwa ajili ya harusi hiyo. Mwanamume asiyeifanya huhesabiwa mtoto barazani hata akiota mvi. Bingwa alikuwa ameshaweka. Dhahabu ilikuwa tayari, posa imepokewa, na ghafla hapana harusi. Vijana wa mapinduzi wakaanza kupita nyumba za matajiri wakiuliza nani anaficha nini.

Hapo ndipo ukarimu ulipomshika, kama homa. Ijumaa moja alisimama nje ya msikiti akatangaza kwamba ataupa mtaa wetu bomba la maji. Vijana walimshangilia, wakaacha kuuliza habari za dhahabu.

Mabomba alitoa yeye, hilo kweli. Mtaro tuliuchimba sisi. Makuli wa bandarini walitoka kazini wakaja moja kwa moja na majembe, wakachimba kutoka chemchemi ya juu hadi kwenye kona yetu. Wanawake walipika wali na kisamvu cha nazi mpaka nazi zikawa adimu mtaani. Koko aliosha mchele ameketi, mguu kaunyoosha, akisimamia kila mtu. Maji yalipotoka, alikinga kiganja, akanywa, akasema, "Haya, leo goti langu ni la mtu mwingine." Juu ya nguzo ya saruji kikabandikwa kibao chenye jina. Lilikuwa moja tu, na si la makuli.

Msidhani maji yalitoka hivi hivi. Koki ya mfereji ilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa shingoni mwa Bingwa pamoja na filimbi. Kila asubuhi alikuja akachora mstari wa chokaa, sisi watoto tukapanga miguu nyuma yake na ndoo zetu. Kwanza tulimpigia makofi. Halafu filimbi, na mbio. Wa kwanza alikinga kwanza; mzee asiye na mtoto wa kumkimbilia alikinga mwisho. Alisema anatujengea moyo wa ushindani. Mimi nilikuwa na miguu myepesi na nilitaka kushinda kuliko nilivyotaka chai, lakini Koko alinikataza.

"Utatembea," alisema.

"Koko, tutakuwa wa mwisho!"

"Mbuzi ndiye anayekimbilia maji. Wewe una jina."

Basi nilitembea, ndoo mkononi, wenzangu wakinizomea, "Bibi harusi huyo! Pole pole, bibi harusi!" Bingwa alitikisa kichwa kwa huruma. Lakini maji yalifika nyumbani, na Koko hakushuka ngazi tena. Kwa hilo nilimpigia Bingwa makofi kila asubuhi, na kwa nguvu.

Halafu alfajiri moja askari wa kukodiwa waliteremka Moroni kutoka baharini, na utawala ule ukaanguka. Harusi kubwa zikarudi siku hiyo hiyo, kana kwamba zilikuwa zimejificha uvunguni. Bingwa akatoa dhahabu yake. Nyumba ya bibi harusi ilikuwa imekamilika, upande wa pili wa mtaa wetu, na wageni wa heshima walikuwa wanakuja kutoka Moroni. Nyumba hiyo ilikosa kitu kimoja.

Nilitoka chuoni nikakuta watu wa duka lake wanaufukua mtaro wetu. Mabomba yalikuwa yameshalazwa kichochoroni kama samaki sokoni. Koko alikuwa amebebewa kiti, ameketi kando ya shimo.

"Bingwa, mwanangu," alisema, "umeangusha kitu humo?"

"Hapana, Koko. Yamechakaa. Nayapeleka yakatengenezwe."

"Yakatengenezwe kwa mkweo?"

Wachimbaji wakacheka. Yeye akafura. "Mabomba ni yangu. Nimeyanunua kwa jasho langu. Mtaa huu hamna shukrani!"

"Shukrani tulikupa, kila asubuhi, kabla ya chai." Koko akainuka, akashika bega langu. "Haya, chukua mabomba yako. Na makofi yetu uturudishie."

Aliyachukua. Kesho yake nilimkuta Koko katikati ya ngazi, ndoo kando yake. Mara hii hakusema kitu juu ya upepo.

Siku ya maandamano ya harusi, njia ya kwenda kwa bibi harusi ilipita kwetu. Hapakuwa na nyingine. Na mila ni mila: bwana harusi akipita, wanawake humnyunyizia marashi kutoka madirishani, kila nyumba na mrashi wake. Tangu asubuhi Koko alinituma nyumba hadi nyumba na ujumbe mmoja, na kila nilikoupeleka niliacha kicheko nyuma yangu.

Walikuja na matari na mwavuli. Bingwa alivaa joho la nyuzi za dhahabu na kilemba, na ninaapa kwamba shingoni, chini ya joho, niliuona ukosi wa fulana ya michirizi. Alipofika chini ya dirisha letu alisimama, akafumba macho, akainua uso. Koko akauelekeza mrashi wa fedha, ule wa mama yake, akautikisa mara kadhaa.

Hakikutoka kitu.

Na Bingwa, kwa mazoea ya mtu aliyezoea kupokea, akajipangusa shavu.

Akahisi kiganja kikavu. Akafumbua macho. Dirisha la pili likatikisa mrashi, mkavu. La tatu, mkavu.

"Utuwie radhi, bwana harusi," Koko akasema kwa adabu zote. "Mtaani kwetu maji yametuishia."

Kicheko kilipita madirisha yote ya kichochoro na kumtangulia mbele, kwa kasi ambayo yeye hakuwahi kuikimbia hata huko Bukini. Makuli waliocheza tari waliinamisha vichwa, mabega yakitikisika.

Haikubadili kitu. Aliketi safu ya mbele barazani maisha yake yote. Aliendelea kutoa, mpira hapa, saa ya ukutani pale, kila mara kwa filimbi na makofi. Koko aliendelea kushuka mtoni mpaka goti lilipokataa, halafu moyo nao ukakataa.

Baada ya tangazo lile la redio nilikwenda kwenye hitima ya Bingwa. Kwetu hata uliyemdharau hana budi kusomewa. Kutoka uwanja wa ndege wa Ouani niliteremkia moja kwa moja kwenye kona yetu. Nguzo ya saruji bado ipo, haina kibao wala mfereji. Msichana mmoja alikuwa amekaa juu yake anafunga kiatu, ndoo miguuni.

"Umekalia nini?" nikamuuliza.

"Jiwe la Bingwa, yule aliyetuletea maji."

"Na hayo maji unakwenda kuteka wapi?"

Akaniona mjinga. "Mtoni."

Hitimani, upande wa wanawake, nyumba ilijaa. Imamu alimsifu kwa maneno yale yale ya redio, na wote wakasema amina. Mwishoni mjukuu wa Bingwa akapita na mrashi wa plastiki. Akaninyunyizia kichwani na viganjani, na ulikuwa umejaa. Maji yaliteleza mpaka kwenye kifundo cha mkono, yakinuka waridi. Nikainua uso nipate jicho moja la kucheka nalo, bibi mmoja tu wa madirisha yale. Wote walikuwa wamefumba macho, wanajipangusa mashavu.