Kalamu ya Ndugu Yangu Niliitupa Chooni

Nilikosa mimi. Si pombe, si mke wangu aliyenichochea. Ni mimi na roho yangu ya kushuku, na leo nasema, hata kama jina langu nalificha na ya wengine nimeyabadilisha.

Mimi ni mkulima wa majani chai huku karibu na Silibwet. Baba alipofariki alituacha vijana wawili na shamba moja ambalo halijagawanywa. Mimi ndiye mkubwa, nikabaki nyumbani na Mama. Ndugu yangu Kiprono alienda Nairobi, akapata kazi katika ofisi moja ya kuchora ramani.

Katikati ya hii miaka ya tisini, Kiprono akaja likizo na kompyuta ya ajabu. Haikuwa na vibonyezo vya kuandikia. Ilikuwa kama sleti ya shule, lakini nzito, na kioo cha kijivu juu. Alikuwa anachora kwenye hicho kioo na kalamu isiyo na wino, na mstari unatokea mweusi pale pale! Mashine ni ya ofisi. Alipewa ajizoeze.

Siku tatu nzima alizunguka shamba letu akiwa na hicho kitu kifuani. Anapiga hatua, anasimama, anachora. Kutoka kwa miti ya bluugamu huko juu, akishuka na majani chai, mpaka kwa Mama.

"Unachora nini?" nikamuuliza.

"Shamba," akacheka. "Ngoja nimalize, brathe, nitakuonyesha."

Ngoja nimalize! Hilo neno nililala nalo, nikaamka nalo. Mbona anaongea na Mama jikoni, na nikiingia wananyamaza? Mbona ameuliza jirani mpaka uko wapi? Nikajua tu: huyu anajikatia upande wa chai, mimi niachiwe mawe.

Sikumuuliza tena. Hapo ndipo nilipoharibu.

Jumapili nikajifanya tumbo linauma, wao wakaenda kanisani. Mashine ilikuwa mezani. Nikaiwasha vile nilivyomwona akifanya. Weh! Shamba letu lote lilikuwa humo ndani: miti, nyumba ya Mama, nyumba yangu. Na nukta nukta zinapita katikati ya majani chai. Mpaka mpya, nikasema. Huu hapa!

Nikashika kalamu nizifute. Badala ya kufuta, nikachora! Mstari mnene, umepindapinda, kutoka juu mpaka chini. Nikasugua na kidole, wapi! Nikasugua na shati, wapi! Nikazima mashine, nikaenda na ile kalamu, nikaitupa chooni. Nilifikiri bila kalamu hakuna kugawa.

Kiprono aliporudi alitafuta mpaka chini ya viti. Mashine haikukubali kalamu nyingine, wala kidole.

"Nani aliingia humu?" akauliza.

Oi, ulimi wangu! "Ni Nyaboke tu," nikasema. "Alikuja kuchukua jerikeni."

Nyaboke ni mama wa Kisii aliyetuchumia chai miaka sita. Goti la Mama lilipoharibika, ni yeye aliyekuwa akimchotea maji huko bondeni, bila kuambiwa na mtu. Kesho yake Mama alimwita, akapekua kikapu chake mbele ya wachumaji wenzake. Nyaboke hakulia. Aliniangalia mimi.

"Baba Cherono, wewe uliniona nayo?"

Nikaangalia chini. "Mimi sijui. Nilikuwa mgonjwa."

Akavua ile aproni ya kuchumia, akaikunja vizuri, akaiweka kwa nyasi, akaenda.

Kiprono akarudi Nairobi na mashine isiyo na kalamu. Walimfuta kazi. Baada ya miezi kadhaa Mama akapata barua yake, na ndani mna karatasi. Alikuwa amechapa ule mchoro kwa karatasi ofisini kabla hajatoka. Mama akanipa nimsomee.

Jamani, haukuwa mpaka! Zile nukta zilikuwa paipu ya maji, kutoka chemchemi iliyo kwa bluugamu mpaka mlangoni kwa Mama. Na katikati paipu nyingine imetoka, inakuja kwangu. Barua ilisema walinificha tu kwa sababu Kiprono alitaka kwanza aone kama maji yatafika.

Pembeni alikuwa ameandika kwa mkono: "Mwambie brathe huu mstari mnene si wangu."

Niliisoma barua yote kwa sauti. Hayo maneno ya pembeni tu ndiyo niliyaruka.

Krismasi mbili zimepita na Kiprono hajakuja. Anajua? Hajui? Kila salamu yake naipindua nione kama kuna neno chini yake. Sasa mimi ndiye wa kushukiwa, na hakuna anayeniambia kitu!

Mwaka jana nilienda Chepilat kumtafuta Nyaboke. Njia nzima napanga maneno. Nikamkuta sokoni anauza ndizi.

"Goti la Mama linaendeleaje?" akaniuliza. "Nani anamchotea maji?"

"Anajichotea," nikasema.

Akachagua ndizi zilizoiva vizuri, akazifunga kwa gazeti. "Mpelekee."

Nikasema asante. Lile neno lingine lilinishinda, nikaondoka.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu wa nyumbani unamshuku, muulize leo, na ungoje akujibu. Na kama umeshakosa kama mimi, usianzie gazetini. Nenda kwa mwenyewe. Mimi nimeanza na nyinyi kwa sababu hamnioni uso.