Sirad na Mstari Mweusi

Siku tatu ndizo Sirad Dubow alizoomba ruhusa. Harusi ya mdogo wake, Ifrah, ilikuwa Ijumaa, na Jumatatu alitakiwa awe amerudi Nairobi kwenye maabara ya chuo kikuu. Lakini ilikuwa Novemba 1997, na mvua iliyoshuka mwaka huo wazee wa Garissa walisema hawajapata kuiona. Mto Tana ulifura ukameza mashamba, barabara ya Nairobi kupitia Mwingi ikakatika, mabasi yakalala. Juma la tano lilimkuta Sirad bado yuko kwao, mtaa wa Bulla Iftin, akienda darajani asubuhi na jioni kutazama maji.

"Utautoboa mto kwa macho," mama yake, Rukiyo, alimwambia. "Keti basi, unywe chai."

Aliketi, na mguu wake ukawa unacheza wenyewe chini ya meza.

Alikuwa na miaka ishirini na tisa, binti wa mfanyabiashara wa ngamia, na mtaani walijua tu kwamba anasomea mambo ya dawa. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wazamiaji wa Kiunga walikuwa wameleta chuoni sifongo, mnyama wa baharini asiye na kichwa wala mguu, anayeishi amejibandika mwambani. Humo Sirad alikamua kitu kimoja, unga wa manjano usiojaza ncha ya kijiko. Ukitiwa kwenye seli za saratani ndani ya chupa, seli zinaacha kugawanyika. Zinaachaje? Hilo ndilo lililomnyima raha. Ndani ya seli mna maelfu ya protini, kila moja na kazi yake, na lazima unga ule ulikuwa ukiishika mojawapo na kuizuia. Ipi?

Aliufunga unga kwenye vishanga vidogo kama vumbi, akavijaza katika mrija wa kioo, akavimiminia rojo la ini la ng'ombe, lenye protini za kila namna, alilolisaga mwenyewe, kisha akaosha, akaosha tena. Protini zisizohusika zilikwenda na maji. Iliyong'ang'ania aliing'oa, akaipitisha kwenye jeli inayopanga protini kwa ukubwa, na ukatokea mstari mmoja mnene, mweusi. Msimamizi wake, Dakta Hamze, alipiga makofi. Muhtasari ukatumwa kwa mkutano wa wanasayansi wa mwezi wa Machi: protini imepatikana.

Picha ya jeli ile alikuja nayo Garissa ndani ya daftari. Aliitazama mpaka kingo zake zikakunjika.

Asubuhi moja mama yake, akipepeta mchele, alianza kuwataja waliohudhuria harusi.

"Watu mia mbili! Unadhani wote walimjia Ifrah?"

"Sasa walimjia nani, hooyo?"

"Wengine walimjia yeye, Mungu awalipe. Lakini yule Dagane? Anajua hata jina la bibi harusi? Popote penye sufuria ya pilau utamkuta, na ndiye wa mwisho kuondoka."

Sirad alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Akaingia chumbani, akatoa picha.

Je, kama protini ile haikuujia unga wake? Kama ni ya kung'ang'ania kishanga chochote kile? Njia ya kujua ilikuwa rahisi: kupitisha rojo lile lile kwenye vishanga vitupu. Na alikuwa ameijaribu, mara moja, mwezi wa Agosti. Jeli ilichanika mkononi mwake. Muhtasari ulitakiwa kesho yake, akajiambia atarudia. Hakurudia, na Hamze hakuuliza.

Tangu hapo hata darajani hakukaa. Alikwenda posta kupiga simu, laini zimekufa. Aliandika barua, hakuna gari la kuichukua.

"Kumbe ni uongo nilioutuma," alimwambia mama yake.

"Ulidanganya au ulikosea?"

"Nilikosea. Lakini sasa najua, na kila siku ninayokaa hapa nikijua, kosa linageuka kuwa uongo."

Mama aliendelea na mchele wake.

Desemba mifugo ikaanza kufa, zizi zima la mbuzi likitupa mimba kwa siku moja, na watu wakawa wanaletwa hospitalini na homa, wengine wakitokwa damu. Ndege zilishusha chakula cha msaada na kurudi tupu, ila abiria hazikuchukua. Sirad alisikia kwamba damu za wagonjwa zinatakiwa Nairobi kupimwa. Akaenda kumtafuta daktari, Mmeru mmoja aliyechoka mpaka anaongea amefumba macho.

"Barafu ninayo," daktari alisema. "Sina mtu wa kulisindikiza sanduku."

"Mimi kazi yangu ni maabara, daktari. Nipe mimi."

Akafumbua macho. "Dada, huu si mzigo wa kuchezea."

"Ndiyo maana nimekuja."

Alisafiri kwa ndege ya msaada, sanduku katikati ya miguu yake, mkono juu ya kifuniko njia nzima. Alilikabidhi, akatia sahihi, na kutoka hapo akanyoosha moja kwa moja chuoni.

Safari hii alipanga mirija mitatu. Wa kwanza ulikuwa na vishanga vitupu. Wa pili na wa tatu ilikuwa na vishanga vyenye unga, ila rojo la kupita kwenye wa tatu alilichanganya kwanza na unga huru, ili protini inayoutaka iwe imekwisha kushiba na isishike tena vishanga. Aliutumia unga wote uliobaki.

Jeli ilipokuwa tayari, mstari mnene ulionekana kwenye njia zote tatu, kila mrija na njia yake.

"Dagane," Sirad alisema.

"Nani?" Hamze aliuliza.

Sirad aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Juu kidogo ya ule mnene, kwenye njia ya pili peke yake, palikuwa na mstari hafifu kama unywele. Kwenye ya tatu haukuwepo. Huyo ndiye aliyemjia bibi harusi mwenyewe.

Hamze naye aliinama kuutazama. Akashauri muhtasari ubadilishwe maneno mawili matatu tu, aibu iwe ndogo. Sirad alikataa. Barua ya kuufuta ilitoka siku hiyo hiyo, na Machi mkutano ukafanyika bila yeye.

Ila unga ulikuwa umekwisha. Wazamiaji walileta makapu mawili ya sifongo, rangi ile ile, lakini alipoikata ya kwanza alijua kwa harufu kwamba siyo. Ya pili vilevile. Aliona kwamba lazima ateremke baharini mwenyewe.

Mwezi wa Aprili, akiwa na miaka thelathini, alijiunga na saa ya wanawake kwenye bwawa la kuogelea jijini, ajifunze kuogelea, amevaa suruali na gauni refu, akimeza maji yenye dawa. Mwalimu alimwambia apumzike kidogo, ashike ukingo. Sirad alipiga ukuta kwa miguu, akaondoka tena.