Farasi Lokole na Funguo za Citoyen Ngongo

Mgongo wangu ndio ulioamua safari hii, mimi niliufuata tu. Kwa miaka mitatu ulikuwa ukiniruhusu kusimama na kulala, lakini kukaa haukutaka kabisa, na mtu anayeishi kwa kuandika na kusahihisha karatasi za wanafunzi afanye nini kama hawezi kukaa? Ninyi wasomaji wangu wa Kindu mlinishauri mengi: mawese ya moto, majani, maombi, na mmoja wenu alishauri nioe tena. Kisha ikaja barua ya mdogo wangu Zaina, aliyeolewa Kisangani. "Yaya," aliandika, "huku iko papa moja, muzee, anatengeneza mugongo ya farasi kwa mikono tu, mupaka farasi inasinzia imesimama. Kuya huku. Pengine na wewe atakuonea huruma."

Nilicheka. Halafu nikajiuliza: farasi, Kisangani? Katika msitu ule ambako hata ng'ombe ni mgeni? Nakiri kwamba udadisi ulinisukuma kuliko maumivu. Nikaomba ruhusa kazini, nikatia vitabu vinne katika mfuko wangu wa ngozi, nikauning'iniza begani, nikashuka bandarini.

Kutoka Kindu mpaka Ubundu ni mto. Meli ilijaa mbuzi, mikeka, magunia ya mchele na watu waliokaa juu ya magunia hayo kwa raha niliyoionea wivu. Mimi nilisimama. Mama mmoja muuza samaki wa moshi alinitazama asubuhi nzima, mwishowe akashindwa kuvumilia.

"Papa, nani alikukataza kukaa?"

"Mugongo, mama."

"Basi huyo ndiye chef yako, mukubwa yako," akasema, akawageukia wenzake. "Mumuachie nafasi, huyu iko na chef mukali."

Kutoka Ubundu ni reli, kwa sababu mto hapo unaanguka mwamba baada ya mwamba na meli haipiti. Treni ilienda polepole kiasi kwamba abiria wawili walishuka, wakanunua ndizi, wakapanda tena behewa la nyuma. Mlio wa magurudumu ulipanda miguuni, ukapita magotini, ukafika kiunoni na kubisha hodi. Tulipofika ukingo wa kushoto, ng'ambo ya Kisangani, nilivuka mto kwa kivuko, nikiwashukuru wote walionisukuma, maana walinisaidia kusimama wima.

Jioni ile, kwa Zaina, nilikula lituma na samaki nikiwa nimeegemea ukuta. Ndizi zile zilizopondwa ndizo chakula cha kwanza cha mji ule, na Zaina huzipika vizuri kuliko wenyeji. Huku nikila akanieleza habari za farasi.

Zamani alikuwa wa Mgiriki mwenye shamba la kahawa na maghala matatu. Serikali ilipochukua mali za wageni na kuzigawa kwa wananchi, shamba na maghala vilimwangukia Citoyen Ngongo (citoyen, yaani mwananchi, ndivyo tunavyoitwa sote sasa). Katika orodha aliyotia sahihi, mstari wa mwisho kabisa, chini ya mizani ya kahawa, paliandikwa: farasi mmoja. Mgiriki aliondoka na sanduku moja. Farasi alibaki, pamoja na mtunzaji wake, Papa Lisungi. Wakati watu wote walipotupa majina ya kizungu na kuchukua ya mababu, farasi naye alibadilishiwa jina. Akaitwa Lokole, kama ile ngoma ya mti inayopeleka habari mtoni, kwa sababu kwato zake zinalia hivyo.

"Sasa Citoyen anataka kumupanda siku ya défilé, gwaride ya chama," Zaina akasema. "Mbele ya watu wote. Farasi imemuangusha mara mbili. Jumamosi atajaribu tena. Ikimuangusha mara ya tatu, muchinjaji amekwisha kuambiwa."

"Na Papa Lisungi?"

"Papa Lisungi haongei. Lakini hakuli vizuri."

Siku ya pili, Alhamisi, nilivuka daraja la mto Tshopo, nikaingia shambani. Nilitegemea kumkuta mganga. Nilimkuta mzee mfupi mwenye mabega ya mpiga kasia, mzaliwa wa Yanonge, ukoo wa wavuvi. Banda lilikuwa limejaa moshi wa majani mabichi, dawa yao ya kufukuza mbung'o. Ndani ya moshi alisimama farasi wa rangi ya majivu, mwembamba, masikio yamelala nyuma.

Papa Lisungi hakunisalimu kwa mkono. Mikono yake ilikuwa kazini. Kiganja kimoja kilikuwa juu ya mbavu za farasi, hakisugui wala hakibonyezi, kimetulia tu kama mtu anayesikiliza mlangoni. Kisha akakisogeza kidogo sana, ngozi ya farasi ikafuata. Akakirudisha. Baadaye akanyanyua mguu wa mbele, akautikisa taratibu kama anayembembeleza mtoto, akauweka chini mbele kidogo ya pale alipoutoa. Farasi akashusha kichwa, akashusha mdomo wa chini, akavuta pumzi ndefu. Mimi pia nikavuta, bila kuombwa.

"Unamufanya nini?" nikauliza.

"Namuuliza."

"Unamuuliza nini?"

"Wapi anajifunga. Yeye ananionyesha. Mi simulazimishe. Ukilazimisha, anajifunga zaidi, kama mutu wa ofisi." Akanitazama mara ya kwanza. "Wewe ndiye mwalimu. Mufuko yako iko wapi?"

"Nimeuacha kwa Zaina."

"Hapana. Uko nayo." Akaligusa bega langu la kushoto kwa kidole kimoja. Lilikuwa limepanda karibu na sikio, likishikilia mkanda ambao haukuwapo.

Nilisoma chuo kikuu miaka mitano. Hakuna profesa aliyewahi kunionyesha jambo kwa ufupi ule.

Nilidhani sasa atanipandisha juu ya farasi, nikaanza kutafuta visingizio. Badala yake alinipeleka mtoni, juu ya bwawa la umeme, pahali maji yanapotulia kabla ya kuanguka. Palikuwa na pirogi, mtumbwi wa gogo, ndogo mno, imefungwa kwa kamba kwenye mti. Kwao Yanonge, alisema, mtoto anajua pirogi kabla ya kujua kutembea vizuri, na yeye alipopewa farasi na Mgiriki hakuwa amewahi kumwona mnyama huyo. Hivyo akamfikiria kama pirogi yenye miguu.

"Keti."

"Papa, mimi kukaa ndiko kunakonishinda."

"Alors, keti mubaya. Tutaona."

Nikakaa. Pirogi ikalala upande wa kushoto, maji yakaingia, nikashika ukingo, ikazidi. Kutoka chini tulisikia ngurumo ya maporomoko, nami nikakumbuka kwamba sijaandika wosia. Papa Lisungi aliingia majini mpaka magotini, akapitisha viganja vyake chini ya makalio yangu, juu ya ubao, bila aibu yoyote. Mifupa miwili ya kukalia, ambayo sikujua ninayo, ikatua kila mmoja kwenye kiganja chake. "Huu muzito," akasema. "Huu haina kazi. Umupatie kidogo. Kidogo. Usisukume, mutume pumzi tu." Sijui nilifanya nini. Najua tu kwamba pirogi ilinyooka, na kwamba nilikaa humo mpaka jua likanichoma shingo. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, nilikuwa nimekaa.

Tulipokuwa tukirudi bandani nikamuuliza kwa nini farasi anamwangusha Citoyen.

"Funguo."

Citoyen Ngongo, akaeleza, anabeba funguo zote za maghala katika mfuko wa nyuma wa suruali, upande wa kulia. Kitita kikubwa kama ngumi. Hamwachii karani, hamwachii mke. Anakalia funguo hizo garini, ofisini, mezani, na juu ya farasi. Chuma kinamwinua upande mmoja, naye anajikaza asianguke, na farasi anabeba mtu aliyepinda na aliyekaza mpaka anachoka, anamtupa.

"Basi umwambie."

"Mwalimu." Alinitazama kwa huruma ileile aliyompa farasi. "Mutunzaji wa farasi amwambie patron: toa funguo? Kesho yake gunia moja likipotea, nani alisema mambo ya funguo?"

Nilijitolea kusema mimi, mgeni, msomi. Akakataa. Msomi anayeuliza habari za funguo, alisema, ni mbaya zaidi.

Siku ya nne, Jumamosi asubuhi, Citoyen Ngongo alifika kwa gari, amevaa abakosi ya kijani, lile koti la chama lisilo na tai, iliyonyooshwa vizuri, mnene, mwenye adabu na mwenye hofu. Hofu hiyo sikuitegemea. Alimtazama farasi kama mwanafunzi anavyotazama mlango wa chumba cha mtihani.

"Papa Lisungi, leo ni mwisho, unajua," akasema.

"Najua, patron. Lakini mwalimu wa Kindu hapa alikuwa na mugongo ya kufa. Nimemukalisha ndani ya pirogi, amepona nusu. Patron aanze na pirogi, halafu farasi."

Citoyen akanigeukia. "Ni kweli?"

Nikakaa chini kwenye nyasi, mbele ya abakosi yake, nikiwa na fahari ya mtoto aliyejifunza kujifunga viatu. Hiyo ndiyo hotuba pekee niliyotoa Kisangani.

Tukashuka mtoni, akaingia katika pirogi. Ikalala upande wa kushoto papo hapo, maji yakamfikia soksi. Akasogea, ikalala zaidi. Papa Lisungi alisimama ukingoni, mikono nyuma.

"Kitu gani inanipindisha?"

"Mi sijui, patron. Pirogi ndiyo inasema. Patron ajipapase."

Citoyen alijipapasa. Mkono ukafika mfuko wa nyuma, ukakaa hapo. Sote tuliona alivyoelewa, na alivyochukia kuelewa mbele yetu. Kisha akatoa funguo, akazishika mkononi. Pirogi ikanyooka karibu yote.

"Bon," akasema. "Farasi."

Tuliporudi shambani akapanda, funguo ndani ya ngumi ya kulia pamoja na hatamu. Lokole akapiga hatua tatu, akainua kichwa, masikio nyuma. Nilimwona Papa Lisungi akifumba macho. Farasi aliinua miguu ya mbele kidogo tu, na Citoyen akayumba.

"Patron." Sauti ya mzee ilikuwa ya chini sana. "Sasa umekalia vizuri, lakini uko na ngumi. Anaisikia ndani ya kinywa yake."

Citoyen Ngongo alitazama ngumi yake. Alinitazama mimi, na nikageuza uso, maana mgeni wa siku nne hawezi kushika maghala matatu. Alimtazama dereva wake aliyekuwa mbali, garini. Mwishowe akainama, akanyoosha mkono, akamwekea Papa Lisungi funguo zote kwenye kiganja.

Mzee alizishika kama alivyomshika farasi, bila kuzifumbata.

Lokole akashusha kichwa. Akatembea. Walizunguka uwanja wa kuanikia kahawa mara moja, mara mbili, kwato zikilia juu ya sakafu ya saruji kama jina lake, na mabega ya yule bwana yakashuka hatua kwa hatua. Aliposhuka alinyoosha mkono upesi, akachukua funguo, akazihesabu kwa macho, akazitia mfukoni. Mfuko wa kushoto.

Papa Lisungi akanong'ona: "Tutaanza upya." Lakini siku hiyo alikula sahani mbili.

Nilirudi Kindu kwa njia ileile. Katika treni nilikaa mpaka kituo cha tatu, kisha mgongo ukanikumbusha nani ni chef. Melini nilikaa nusu ya safari. Kilichonishangaza si kupungua kwa maumivu, bali kujua kwamba nilikuwa nikiyatengeneza mwenyewe kila siku, kwa bidii.

Wiki iliyopita Zaina aliniandikia habari za gwaride. Citoyen Ngongo alipita mbele ya watu wote, wima, juu ya Lokole, hakuanguka. Pembeni alitembea Papa Lisungi, kitita cha funguo kimening'inia shingoni kwa kamba ya kuvulia samaki, kikilia kila hatua, na watu wakaulizana mzee yule amepewa cheo gani. Lilipokwisha, Citoyen alishuka, akasalimiana na wakubwa, akapanda gari na kuondoka. Funguo alizisahau. Papa Lisungi alilazimika kumfuata kwa miguu mpaka nyumbani, akamkabidhi, na Citoyen akazitazama kwa mshangao wa mtu anayeletewa kofia yake.

Mimi bado sijaweza kusahau mfuko wangu mahali popote. Lakini nimeanza kuubeba bega la kulia. Najua Papa Lisungi angesema nini.