Neema Aliponisindikiza Chamazi

Niliondoka Kinondoni kwa sababu mradi wa utafiti ulinipa kazi ya kuwauliza vijana maswali ambayo majumbani kwetu hayaulizwi. Unalala vizuri? Umewahi kuchoka kuishi? Tulitaka kujua ni wangapi huku pembezoni mwa jiji wanahitaji msaada, maana mpaka sasa tunakisia tu. Sharti moja lilininyima raha: kijana akisema anataka kujiua, usimwache mpaka umkabidhi kwa muuguzi. Nililiogopa jibu hilo, na niliogopa zaidi lisije likanipita bila kulisikia.

Asubuhi, Mbagala. Nilishuka kwenye basi la mwendokasi nikachukua bajaji ya Chamazi. Dereva alikiona kishikwambi changu akataka kujua natafuta nini. Nikamwambia napima afya ya akili ya vijana.

"Wa huku wote wazima, sista. Labda njaa tu," akasema, akacheka. Mimi sikucheka.

Chamazi, kabla ya adhuhuri. Mama Neema, muuza mitumba aliyehamia kutoka Singida, alikuwa ameshaandaa chai na mihogo. Neema, binti yake wa kidato cha tatu, aliniamkia shikamoo akakaa ubavuni mwa mama yake. Nikaomba tuzungumze wawili tu.

"Mgeni nimwachie mtoto, mie niende wapi?" mama akasema. "Hapana, mdogo wangu. Kunywa chai."

Nikaomba tena kwa adabu. Akaniongezea chai.

Nikamweleza Neema kwamba siri zake nitazitunza, isipokuwa ile itakayohatarisha maisha yake. Kisha nikaanza. Unalala vizuri? Ndiyo. Unapata huzuni? Hapana. Kila swali alimtazama mama kwanza, ndipo akajibu. Swali la mwisho, lile la kuchoka kuishi, nililiruka, kwa kuwa mbele ya mzazi haliulizwi. Nikafunga kishikwambi nikiwa nimekereka. Nilijua nimepima heshima ya mtoto kwa mama yake, basi.

"Neema, msindikize dada yako," mama akasema nilipoaga. Kwenye mafunzo tuliambiwa tukatae kusindikizwa, tusipoteze muda. Wiki nzima nilikuwa nakataa. Safari hii nilikubali, kwa sababu lile swali nilikuwa bado sijaliuliza.

Njiani, Neema alibeba mkoba wangu akatembea polepole kuliko mimi. Tulipolipita duka la mwisho, nikamuuliza kama amewahi kuchoka kuishi. Akahamishia mkoba bega la pili.

"Hata leo," akasema. "Nilikuwa naomba mama anitume nikusindikize. Ukishapanda bajaji, mie nyumbani sirudi."

"Unaenda wapi?"

"Siendi popote, dada. Nimechoka tu kuishi."

Bajaji ilikuja, dereva akapiga honi. Nikampungia mkono aende.

"Usimwambie mama. Atasema namwaibisha."

"Nilikwambia pale ndani, hii siwezi kuificha. Na sikuachi."

Nikamshika mkono. Niliogopa atachomoka akimbie, na kwa viatu nilivyovaa nisingemkamata. Hakuchomoka. Tukageuka.

Mlangoni tena. Mgeni akishasindikizwa ameondoka, hategemewi kurudi. Mama Neema alipotuona alisimama, shati la mtumba mkononi.

"Umesahau nini, mdogo wangu?"

"Sijasahau kitu, dada. Nimemrudisha Neema. Alikuwa harudi."

Nikamweleza yote bila kuzunguka. Akakaa palepale kizingitini.

"Mie nilidhani ananuna tu," akasema. Kisha akamvuta Neema, akamkumbatia kwa nguvu mpaka shati likaanguka.

Alasiri, zahanati. Muuguzi alikaa na Neema peke yake, mlango umefungwa. Mama yake na mimi tulisubiri nje. Mlango ulipofunguliwa tulielewana hivi: mama alale naye chumba kimoja, na kesho asubuhi warudi pamoja.

Tangu siku hiyo sikatai kusindikizwa. Vijana wetu hawatasema ukweli wao mbele ya birika la chai na mzazi pembeni. Nimewaambia wenzangu swali gumu walibakize kwa ajili ya njiani.

Siku ile nilipoaga pale zahanati, Neema aliinuka achukue mkoba wangu, kama alivyolelewa. Mama yake akamshika mkono.

"Tunamsindikiza wote," akasema, "halafu tunarudi wote."