Mchumba Asiyebishana

Mimi nauza vitenge Kilindoni, na pembeni nauza hadithi za mapenzi ya hatari kwenye kundi la WhatsApp. Mteja wa kitenge anashika, ananusa, anavuta uzi. Msomaji naye ni vivyo hivyo, ila yeye anakusuta hadharani.

Mwaka jana hadithi yangu ilikuwa na jambazi anayependwa. Nilimpa kovu shavuni, bastola, na gari jeusi la vioo vya giza. Msomaji mmoja, mama mtu mzima wa Baleni, akaandika mbele ya kundi zima: "Mwandishi, huyu jambazi wako akija kwangu namtuma sokoni." Wakacheka hadi nikazima simu. Lakini mama alisema kweli. Kisiwani kwetu gari la namna hiyo lingefika Utende, mwisho wa barabara, na kurudi, na njia nzima watu wangekuwa wanauliza ni la mtoto wa nani.

Siku zizo hizo mdogo wangu wa kike, anayefanya kazi jikoni kwenye hoteli moja ya Utende, akaletewa posa. Baba hatunaye, kwa hiyo mjomba alikaa mkekani na mshenga, mimi nikakaa nyuma ya pazia kumnong'oneza. Posa ni mapatano. Wa mume wanalia hali, wa mke wanapandisha, watu wanataniana mpaka kahawa inapoa. Tulitaja mahari. Mshenga akasema bwana amekubali. Binti ataendelea na kazi. Amekubali. Nikamnong'oneza mjomba aongeze la kipuuzi, kitanda cha mninga. Amekubali.

"Mbona habishani?" nilimuuliza mjomba wageni walipoondoka.

"Wewe umekosa cha kulalamikia tu. Ngoja binti atoe kauli yake, Ijumaa tupeleke jibu."

Dukani kwangu, asiyebishana ama hajui bei, ama hesabu yake iko mahali pengine. Huyu bei alikuwa anaijua.

Nikaanza kumtazama. Mpole, anaamkia macho chini. Kila jioni alimtumia mdogo wangu bodaboda amrudishe, yeye mwenyewe akikaa mbali kwa heshima. Zamu ikibadilishwa, alijua kabla yetu. Siku moja mdogo wangu akapitia kwa rafiki yake bila kumwambia mtu. Alipotoka, bodaboda yuleyule alikuwa mlangoni, na chapati za moto kutoka kwa mchumba.

"Alijuaje uko huko?"

"Ananijali tu, dada," akasema huku anacheka.

Nikamfuta jambazi wangu, nikamwandika huyu, bila kovu wala bastola, na chapati zake. Kundi likawaka. "Mwandishi, tupe namba yake!" Mama wa Baleni peke yake aliandika: "Huyu sasa namwogopa." Ndiyo sifa niliyokuwa naitafuta. Msomaji anamsadiki mtu hatari ambaye angemfungulia mlango mwenyewe, na wa kwetu alikuwa amebakiza kuambiwa karibu.

Alhamisi asubuhi mdogo wangu alipita dukani kabla ya zamu. Nikamwambia, "Mteja humjui kwa bei anayokubali. Utamjua ukimwambia leo siuzi. Mkatalie kitu kidogo."

Akampigia mchumba palepale, kwamba asimtumie pikipiki, atarudi na wenzake. Akajibiwa vizuri kabisa. Mdogo wangu akanitazama kwa ushindi. Hajatoka mlangoni, simu yangu ikaita. Nikaiweka kwenye spika, mikono ilikuwa inakunja vitenge.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Samahani, dada yangu. Nani kamfundisha kunikatalia?"

Sauti ileile ya upole.

"Kakataa pikipiki tu, shemeji."

"Pikipiki si kitu. Nataka tu kumjua aliyemfundisha."

Mimi, wa kubishana na wachuuzi wa Kariakoo, nikakunja upya kitenge nilichokwisha kukikunja. Mdogo wangu alinyoosha mkono akakata simu. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

"Mwambie mjomba asingoje Ijumaa. Sitaki."

Mjomba alipeleka jibu jioni hiyo, akarudi amefurahi. Kijana kalipokea kwa adabu, hata sababu hakuuliza. Mimi na mdogo wangu tukatazamana.

Kesho yake nilifunga duka mapema, nikaenda Utende kumngoja mdogo wangu kwenye geti la hoteli. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo, nilimtazama dereva usoni.