Vidonda vya Lazaro

Nilipokuwa bado nang'oka meno ya utoto, ndani ya kanisa letu la Malolo kulikuwa na picha iliyoachwa na wamisionari wa zamani: Lazaro maskini amelala mlangoni kwa tajiri, miguu imejaa vidonda, mbwa wawili wanamlamba. Aliyeichora hakutuonea huruma. Usaha aliupaka rangi hadi ukadhani utadondoka sakafuni. Bibi alituambia ukivinyooshea kidole vidonda vile, kidole kitaoza. Ukivigusa, vitahamia kwako. Nani alimwambia, sijui. Uongo wa aina hii hauna mwenyewe.

Mama mdogo Felista, mdogo wake mama yangu, ndiye aliyekuwa akifagia kanisa. Picha aliipangusa kwa kitambaa, vidonda na vyote. Bibi alipomkanya, alicheka.

"Mama, hii rangi tu."

Msimu wa korosho tulikuwa tukibangua nyumbani. Korosho huchomwa kwenye bati lililotobolewa, na mafuta yake yakikurukia yanakubabua, kwa hiyo sisi tulingoja zipoe majivuni. Mama mdogo alizichukua za moto kwa mkono na kuzipasua bila kukunja uso. Watoto tulimshangilia. Malengelenge yalipogeuka vidonda tukasema ni mafuta ya korosho, maana kwetu nani hana kovu la korosho? Lakini vidonda havikupona, na bibi alipotambua kwamba bintiye hausikii moto, alikaa chini akalia.

"Picha imemshika," alisema.

Kwetu, neno la mwisho juu ya dada zake analo mjomba. Mama mdogo alimwomba ampeleke hospitali Ruangwa. Mjomba alikuwa na baiskeli nzima, imeegemea ukuta nyuma yake, na hakunyanyuka kitini.

"Ugonjwa wa picha hauna kidonge," alisema. "Wakikuchoma sindano tu, umekufa."

Akamjengea kibanda kwenye mikorosho. Chakula kiliwekwa juu ya kisiki, kisha akaitwa kwa mbali kama anaitwa kuku. Hata mhudumu wa zahanati aliyepita akikagua ngozi za watu alipomwona na kusema ni ukoma, dawa yake ipo na ni ya bure, vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimeshakwisha. Vidonge vilimponya. Vidole havikurudi.

Bibi alikufa akiamini kwamba onyo lake lilitimia. Ndiyo, lilitimia. Mjomba alilitimiza.

Siku hizi mama mdogo anaishi kwangu Nachingwea. Mwaka huu tulirudi Malolo kwa ubatizo, na picha bado ipo. Mtoto mmoja wa benchi la mbele aligeuka akamnyooshea kidole mama mdogo. Mama yake akamshusha mkono haraka.

"Usimnyooshee huyo, utaoza."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo, mama mdogo akanigusa kwa kiganja chake kisicho na vidole, kisha akakielekeza ukutani, kwa Lazaro.

"Waangalie mbwa wale," alisema taratibu. "Wenyewe walimsogelea."

Kaburi la mjomba liko nyuma ya kanisa hilo. Ibada ilipokwisha, ndugu walichukua mafagio wakaenda kulisafisha, wakaniita na mimi. Sikwenda. Nilibaki kwenye benchi na mama mdogo, nimemshika mkono.