Nilicheza kamari kwa simu ya wifi yangu, na yeye ndiye anakuja kutubu

Admin, nifiche kabisa, maana nusu ya Gikomba inasoma ukurasa huu na wananijua kwa mdomo. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne. Nina mtoto mmoja, baba yake alienda zake kitambo. Naishi Mukuru kwa kaka yangu, yeye ndiye alinipokea, na nauza nguo za watoto za mitumba pamoja na mke wake, ambaye hapa nitamwita tu wifi. Kibanda ni kimoja, chai ni moja, mpaka namba za siri za simu tunajuliana, kwa sababu mmoja akitoka kidogo lazima mwingine aweze kumrudishia mteja chenji.

Mwaka jana nilianza kucheza kasino ya simu, ule mchezo wa ndege inayopaa, ambapo unatoa pesa yako kabla ndege haijapotea. Msifikiri nilicheza kijinga. Nilikuwa na sheria zangu: mia mbili kwa siku, pesa ya stoki haiguswi, nikishinda natoa nusu hapo hapo, nikipoteza nafunga simu naita wateja. Wanawake wa safu yetu ya vibanda walikuwa wanakuja kuniuliza, nami nawafundisha nimeshika kiuno kama mwalimu mkuu. Nilipoona hata hiyo mia mbili inaanza kunizidi, nikaifungia laini yangu ya simu. Kuna mahali unabonyeza, wasikuruhusu kucheza miezi sita. Nilijisifu sana, hata nyumbani nikawaambia nimeacha.

Sasa sikieni ujinga wa mtu wa mitumba. Ukifungua bale tatu mbovu, yale mafurushi tunayonunua bila kuona ndani, zimejaa sweta zilizotoboka, wenzako wanakuambia vumilia, ya nne itakuwa na kamera, yaani zile nguo safi za kwanza. Na kweli mara nyingi inakuwa hivyo, kwa sababu muuzaji akiona umelia sana anakuchagulia nzuri asikupoteze. Mimi nikaamini na ndege ni vivyo hivyo, ikishakula sana iko karibu kutapika. Tena watu walikuwa wanasema laini mpya hupewa bahati kwanza ili mwenyewe anogewe. Yangu nilikuwa nimeifunga. Laini mpya ningeitoa wapi?

Jumanne moja wifi alipeleka kitinda mimba wake kliniki, akaniachia simu yake ili muuzaji wa bale akipiga nipokee. Kaka alikuwa ametuma humo pesa ya bale, jasho la ovataimu ya kiwandani. Nikaisajili laini ya wifi kwenye ile kasino. Mia mbili tu, niliapa. Nikashinda mara mbili, nikasema mnaona? Halafu ikaanza kula. Kila ikila, moyo unaniambia sasa iko karibu, itanionea huruma. Huruma ya nani, jamani? Ile ndege haina mtu ndani, haijui kama imenila mara moja au mara ishirini. Kufika saa tano pesa ya bale ilikuwa imeisha. Nikafuta ujumbe wote, kisha nikamuuzia mtu suruali kwa bei ya soksi.

Wifi alipoona hakuna kitu kwa simu alifikiri ameibiwa. Kaka akaenda akachukua orodha ya matumizi ya laini, na jina la kampuni ya kamari limejaa humo mstari baada ya mstari. Akaita kikao nyumbani, tukakaa na shangazi yetu na mzee wa kanisa. Wifi akasema siku hiyo alikuwa kliniki na simu aliniachia mimi. Wote wakanigeukia.

Nikasema, "Alienda nayo kliniki ndani ya mkoba wake. Mimi sikuigusa."

Nilisema hivyo kwa ukali, kama mtu aliyetukanwa. Na kwa kuwa wote walijua nimejifungia kamari, kaka akamwambia mkewe angalau ajifunze kwangu. Nikainamisha kichwa, nikakubali kusifiwa. Kesho yake wifi alipandishwa basi kwenda kwao Vihiga na mtoto mgongoni. Watoto wake wawili wakubwa walibaki. Sasa mimi ndiye nawapikia, na yule wa kike kila nikimsuka ananiuliza mama anarudi lini.

Jana wifi alinipigia. Nilijua ni matusi, kumbe anauliza kama watoto wanakula vizuri. Halafu akaniuliza polepole, "Dada, ni wewe?"

Nikasema hapana.

Akasema, "Basi Jumapili nakuja niseme ni mimi. Kaka yako amesema nikitubu mbele ya kanisa atanirudisha. Siwezi tena kukaa mbali na watoto wangu. Nakuomba tu ukae kando yangu, nisisimame peke yangu."

Nikamwambia nitakaa.

Ndugu zangu, nikisema ukweli kaka atanitoa na mtoto wangu, na ninavyomjua hataniangalia tena usoni. Pa kwenda sina. Nikinyamaza, mwanamke aliyeniamini na simu yake atajiita mwizi mbele ya watu wanaomjua, na jina hilo atalala nalo maisha yake yote. Msiniambie niombe, nimeomba mpaka naona haya kuendelea. Mnitukane kama mnataka, nimestahili, lakini mkimaliza mnishauri.

Leo ni Alhamisi. Ameniomba nimtolee ile nguo yake nzuri ya kitenge aivae siku ya kutubu, na nimeshaipiga pasi. Nyinyi mngekuwa mimi, Jumapili mngekaa kando yake mnyamaze, au mngesimama?